Atakayeniosha Ni Faida

Tangu mkamwana wake alipopona ukoma, koko Feza hakukubali tena kula ndani ya nyumba. Kila mchana, mvua isiponyesha, alitaka mkeka utandikwe karibu na lango la parseli ya nyumba yao, pale ambapo avenyu yote ingemwona, na ugali uletwe kwenye sahani moja, yeye upande huu, Faida upande ule. Bibi huyu, waliyemwita koko, alikuwa ajuza mfupi, mwenye meno machache na sauti ambayo uzee haukuigusa. Alipomega tonge na kulichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, macho yake yalikuwa njiani, kuona nani anapita.

"Karibuni chakula!" aliwaita.

"Asante, koko. Tumeshiba," walijibu wapita njia, wakiongeza mwendo.

"Mumeshiba wapi? Nimesikia sasa hivi watoto wenu wanalilia njaa!"

Faida, mke wa mwanawe, alitamani ardhi immeze. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, asiyependa makelele. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjamana na kukataa kunyooka, na kila mtu alipotupa jicho upande ule, aliuchomeka mkono chini ya kitenge.

"Mama, turudi ndani," alinong'ona.

"Ndani kuna nini? Anayekula kwa kujificha ni mwizi. Sisi tumemwibia nani?" Kisha ajuza aliuvuta mkono ule kutoka chini ya kitenge, akauinua juu mbele ya watu, kama mkono wa mtu aliyeshinda ngumi. "Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe Mungu amekubakizia vinane. Vunja!"

Na Faida, akitaka asitake, alicheka.

Waliomjua zamani walijua kwamba mkono ule ulikuwa na kazi yake. Miongoni mwa familia za Kiislamu za Katindo, mjini Goma, wengi wao wajukuu wa wafanyabiashara waliotoka Maniema, mwanamke alipofariki alitafutwa koko Feza aje kumwosha. Koko alipoanza kuchoka miguu, alitafutwa mkamwana aliyemfundisha. Kazi ya kuosha maiti haina mshahara, na si kila mtu hupewa. Faida hakuwa tajiri. Mumewe, Yuma, alikuwa dereva wa Fuso la kubeba kabichi kutoka Kibumba, na Fuso lenyewe lilikuwa la mtu mwingine. Lakini alipopita njiani watu walimpisha. Walijua ipo siku watalala mbele yake bila neno la kusema, na yeye atawasitiri.

Kisha, asubuhi moja, alipokuwa akigeuza makaa ya moto kwenye mbabula, alisikia harufu ya nyama inayoungua. Alifunua sufuria, mlikuwa na maharage tu. Nyama ilikuwa kidole chake, na hakikuwa kimeuma hata kidogo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpitishia manyoya ya kuku mgongoni, akamwuliza anasikia wapi na wapi hasikii. Dawa alipewa bure, plaketi ya vidonge baada ya plaketi, mwaka mzima. Kwa dawa hizo mkojo wake ulikuwa mwekundu, ngozi yake ikageuka nyeusi kama sufuria, na hakuruka hata kidonge kimoja. Mwishoni yule muuguzi alimshika mikono yote miwili bila glavu. "Mama, umepona. Na hata kabla ya kumaliza, tangu ulipoanza dawa, hukuwa tena mutu wa kuogopwa. Vidole hivi ni kovu. Kovu haliambukizi."

Habari ya ugonjwa ilizunguka mtaa kwa siku moja. Habari ya kupona haikuvuka hata lango.

*

Faida alidhani watu wamesahau. Alipopata habari kwamba mzee mmoja wa kike amefariki avenyu ya pili, alivaa nguo zake za kazi, akafunga kitambaa kichwani, akaenda, akikunja mikono ya gauni njiani kama alivyozoea.

Mlangoni alimkuta mama Alima, rais wa wamama wa msikiti, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye hakuna sherehe wala msiba uliofanyika bila yeye. Wawili hao walikuwa wameosha pamoja miaka mingi.

"Mama Faida, karibu. Pole na safari."

"Tumepoa. Mumeshaanza?"

"Tunataka kuanza." Mama Alima hakusogea mlangoni. "Lakini wewe pumuzika kwanza."

"Sijachoka."

"Najua haujachoka. Pumuzika tu, mama. Watu wa hapa wameomba hivyo. Unajua watu."

Faida alikunjua mikono ya gauni, akaenda kuketi uwanjani na wageni. Mkeka ulikuwa na nafasi ya watu wanne. Alipoketi, ukawa na nafasi ya watu saba. Chai ikaja. Wengine waliletewa glasi za msikiti, zile zenye maua mekundu. Yeye aliletewa kikombe chembamba cha plastiki, na msichana aliyekileta alinyoosha mkono hadi bega likamtoka. Faida aliinywa ile chai yote, ili isisemwe kwamba amenuna. Alipoondoka, alimwona msichana akikiinua kile kikombe kwa kijiti, akakitupa kwenye moto. Moshi mweusi ukapanda, na watu wakageuza nyuso.

Nyumbani koko Feza alikuwa akimngoja kitandani.

"Umemuosha vizuri?"

"Mama, wameosha wengine."

Ajuza alinyamaza. Alikuwa na desturi ya kunyamaza pale ambapo mtu angetegemea apige kelele, na walioishi naye waliogopa ukimya ule kuliko maneno. Yuma aliyekuwa akivua viatu pembeni alisema, "Achana nao, Faida. Watachoka wenyewe." Ndivyo alivyosema kila mara. Alikuwa mume mwema. Alikuwa akila na mkewe sahani moja, lakini ndani. Kwenye mkeka wa langoni hakuwahi kuketi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, koko Feza aliwaita watu kwake. Alimwita Yuma. Alimwita Idriss, mwanawe mkubwa, mwuza vitambaa wa Birere, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache. Na alimwita mama Alima, ambaye alikuja na sukari na sabuni akidhani ajuza anaumwa.

"Mimi siumwi," alisema koko. "Nimewaita niwaambie neno moja, kila mutu alisikie kwa masikio yake. Siku nikifa, atakayeniosha ni Faida."

"Koko, tuombe uzima," alisema mama Alima.

"Uzima nimeupata, nimeula, umebaki kidogo. Sikukuuliza uzima. Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, koko."

"Idriss?"

Idriss alitazama dari. "Nimesikia, mama."

"Yuma?"

"Nimesikia."

"Basi kunyweni chai," alisema koko Feza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi chai ile ilimiminwa na mkono wa Faida ikanywewa na mama Alima. Alikunywa nusu, kisha akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani.

*

Baridi ya Julai ndiyo iliyomchukua koko Feza. Ilianza kama kikohozi, ikashuka kifuani, na ingawa Yuma alimpeleka hospitali na akarudi na dawa, ajuza mwenyewe alisema kifua chake kimekuwa kama nyumba ya mabati kwenye mvua. Faida alimlisha uji, akamgeuza asipate vidonda, akamvusha chooni kwa kumkumbatia mpaka alipokuwa hawezi tena kuvushwa. Asma, bintiye, aliacha kwenda kuuza maandazi yake barabarani ili amsaidie mama.

Koko alifariki asubuhi, jua likiwa limeshatoka, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Faida. Yuma alikuwa Kibumba akipakia kabichi. Alipigiwa simu, akasema anageuza gari.

Idriss alifika wa kwanza na kushika mambo yote, kama anavyopaswa mkubwa. Vijana walitumwa makaburini upande wa Lac Vert na mitarimbo, maana kaburi la Goma halichimbwi, hupasuliwa kwenye mawe ya volkano, na asiyeanza mapema hazikwi siku ile. Maturubai yakafungwa. Chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, likaleta mabidoni ya maji. Nyuma ya nyumba pazia la kuoshea likatundikwa juu ya kamba. Mazishi yalipangwa baada ya swala ya alasiri.

Mama Alima akaingia na wenzake watatu, sanda ikiwa imekunjwa vizuri chini ya kwapa. Walikuwa wamelia, macho yao yalionyesha. Koko Feza ndiye aliyewafundisha wote.

"Mama Faida, pole na musiba."

"Tumepoa, mama Alima. Tumefiwa wote."

"Sasa utuachie nafasi, tufanye kazi."

"Nafasi iko. Tuingie."

Mama Alima aliteremsha sauti. "Wewe ukae na wageni."

"Wageni wana watu wa kukaa nao," alisema Faida. "Mimi nina mama wa kuosha."

Wanawake chini ya turubai waligeuza vichwa. Idriss alikuja haraka, akishika kanzu isiguse tope.

"Shemeji, leo si siku ya mabishano. Watu wanatuangalia. Acha waliozoea kazi waifanye."

"Waliozoea?" Faida alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Shemeji Idriss, wiki hizi mama alipokuwa hawezi kufika chooni, nani alizoea?"

Idriss akageuka kuwatazama wageni.

"Na siku ile alipotuita," aliendelea Faida, "ulisema umesikia. Ulisikia nini?"

Mama Alima akamshika Idriss mkono wa kanzu, kumwondoa katikati. "Faida, mimi sikuchukii. Mungu anajua. Lakini mimi nilimuona shangazi yangu kule kijijini. Ukoma ulimukula vidole, ukamukula pua. Walimujengea kibanda peke yake kando ya muto, na bado ugonjwa ukaingia kwa mutoto wake. Nilikuwa musichana, niliona kwa macho yangu. Leo ni wewe utaniambia nisiogope?"

"Shangazi yako alipata dawa?"

"Dawa gani, wakati ule?"

"Basi usinizike pamoja na shangazi yako." Mkono wa kulia wa Faida ulikuwa chini ya kitenge, mahali ulipokaa siku zote. Aliutoa. Akaushika mbele yake, wazi, vidole vitatu vimenyooka, viwili vimeinama, na hakuna aliyekwepa kuutazama. "Mimi nimekunywa dawa mwaka muzima mpaka imekwisha. Muuguzi aliyenitibu alinishika mkono huu bila kitu. Asma amekula mkononi mwangu. Yuma amelala karibu yangu. Mama huyu aliyelala pale amekula na mimi sahani moja, na wote mulimuona, maana alitaka mumuone. Hofu yako naijua, mama Alima. Lakini hofu ni yako. Mama ni wangu."

"Ukiingia wewe, sisi tunatoka."

"Lango liko wazi."

Alisema hivyo kwa utulivu. Alijua anachokifanya. Kama hawa wakitoka, mtaa utasema maiti ya koko Feza ilikataliwa, na neno hilo litawafuata mpaka kwa wajukuu. Mama Alima alisubiri kidogo, akidhani atabadili nia. Kisha aliiweka sanda juu ya mkeka, polepole, akaongoza wenzake kwenda nje.

Mmoja alirudi kutoka langoni. Alikuwa mama Djibril, mwanamke mwembamba asiye na maneno, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitoa wazo kwenye mkutano.

"Mimi nitamimina maji tu," alisema bila kumtazama Faida. "Sitashika."

"Maji yanatosha, mama Djibril. Asante."

Hapo ndipo Fuso likafika, kabichi bado zimo mgongoni. Yuma alishuka, akakuta wanawake wa msikiti wamesimama barabarani na kaka yake anamjia mikono juu.

"Zungumuza na muke wako! Ametufukuzia waoshaji. Tunapata aibu mbele ya watu wote, siku ya mama!"

Yuma alimtazama kaka yake, kisha akautazama umati chini ya turubai, kisha akamtazama mkewe, aliyesimama peke yake katikati ya uwanja na mkono wake nje. Faida hakumwomba kitu. Hakumpungia wala kumwita. Alimtazama tu kama mtu anavyotazama njia kuona gari litapita wapi.

Yuma aliinama, akashika mabidoni mawili ya maji, akayapeleka nyuma ya pazia. Akarudi akachukua mengine mawili. Alipomaliza, aliviringisha jiwe kubwa jeusi mpaka mbele ya pazia, akalikalia.

"Kaka," alisema, "mama alisema, na mimi nilisikia. Anayetaka kumuzuia muke wangu, apitie hapa."

*

Nyuma ya pazia kulikuwa na ubao, maji, sabuni, kafuri, na koko Feza, mdogo kuliko alivyokuwa akiwa hai.

Asma alisimama akilia, asijue mikono yake aiweke wapi. Alikuwa hajawahi kuosha maiti.

"Usiogope," alisema mama yake. "Ni koko. Tumfunike kwanza, kitovuni mpaka magotini, na kifua. Hata sisi hatumwangalii ovyo. Umeona? Hivyo."

Maji ya moto yalikuwa yamechanganywa na ya baridi kwenye beseni. Zamani Faida angetia kiganja akajua. Sasa kiganja cha kulia hakikumwambia kitu. Alikunja mkono wa gauni mpaka juu, akazamisha kiwiko, kama mama anayepima maji ya mtoto mchanga.

"Bado yana moto. Ongeza ya baridi."

Mama Djibril akaongeza. Faida akapima tena, akaitikia kwa kichwa, akasema bismillahi.

Alianza kama alivyofundishwa na yule yule aliyekuwa akimwosha. Alilibonyeza tumbo taratibu. Alimsafisha kwa kitambaa, chini ya nguo, bila kumfunua. Alimtawadhisha: mikono, kinywa, uso. Alizifumua nywele zake nyeupe, akaziosha kwa povu, akampa Asma azichane. Kisha upande wa kulia kutoka bega mpaka unyayo, kisha wa kushoto. Vidole viwili vilivyoinama havikumzuia. Viganja vilipita juu ya ngozi ile kavu kwa wepesi uleule. Pale alipohitaji kumgeuza, mkono wa kulia uliteleza, haukuweza kushika vizuri bega lenye sabuni.

"Asma, shika hapa."

Asma alishika, lakini ajuza alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na ubao ulikuwa umelowa. Mwili ulianza kuteleza. Kabla Faida hajasema neno, kata ya maji ilianguka chini na mikono ya mama Djibril ilikuwa pale, mmoja chini ya bega la koko, mwingine juu ya mkono wa Faida, umeubana kwa nguvu.

Kisha mama Djibril akasema, "Haya, tumugeuze."

Hakurudi tena kwenye kata. Asma ndiye aliyemimina.

Maji ya mwisho yalikuwa ya kafuri. Walimkausha, wakamsuka nywele mikia mitatu, wakamvika sanda kitambaa baada ya kitambaa. Faida alipofunga fundo la juu, vidole vyake vilichelewa kidogo. Wenzake walisubiri bila kumpokonya. Alipomaliza alirudi hatua moja akatazama kazi yake. Ilikuwa imenyooka, safi, bila mkunjo. Hakulia. Alijisikia mrefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani na shingo bado inakumbuka kunyooka.

"Baba Asma," aliita kupitia pazia. "Mama yako yuko tayari."

*

Imam alikuja kuongoza swala, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama mbele ya jeneza, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Ameoshwa?"

"Ameoshwa," alisema Yuma.

"Na nani?"

"Na mukamwana wake, na mujukuu wake, na mama Djibril."

"Alhamdulillahi."

Idriss alisogea sikioni mwake, lakini alinong'ona kama wanong'onavyo watu wenye hasira, na safu ya mbele yote ilisikia. "Imam, ujue yule mwanamuke ana ukoma."

"Alikuwa nao," alisema imam. "Na wewe mwaka jana ulikuwa na malaria, nilikuja kukuona. Mbona leo umesimama kwenye safu?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Imam alikwisha kugeuka kuelekea kibla.

Jeneza lilipoinuliwa, wanaume wa mtaa walilipokezana kama kawaida. Wapo waliokuja mbele wakalibeba. Wapo waliobaki nyuma mikono mfukoni. Wanawake wa msikiti, ambao walikuwa bado kando ya barabara, waliinua viganja kumwombea koko jeneza lilipopita. Mama Alima alikuwa akilia waziwazi, na Faida, kutoka langoni, alimwona, na hakufurahi. Wote wawili walikuwa wamempenda mtu mmoja.

Siku za matanga chakula kilipikwa na Faida na Asma. Wengine walikula. Wengine walipokea sahani, wakazunguka nyuma ya ukuta, wakamwaga wali kwenye mawe, na kuku wa jirani wakashiba. Faida aliyaona yote mawili. Yuma alichukua sahani yake, akatandika mkeka langoni, akamwita mkewe. "Njoo tule," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Asma aliporudi barabarani na maandazi yake na mke wa askari mmoja wa kambi ya karibu akamwuliza nani ameyakanda, hakujibu "Mimi" kama alivyokuwa akijibu zamani. Alisema, "Mama yangu. Unataka mangapi?" Yule mwanamke alisimama akafikiri, akaondoka. Kesho yake alirudi akanunua.

*

Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza mama Djibril alipokuja, miguu imejaa tope jeusi. Hakuwa amevaa viatu.

"Mukamwana wangu," alisema. "Ule mwenye mimba. Mutoto amebaki, yeye amekwenda." Alipangusa mvua usoni. "Nimekuja kukuita."

Faida alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini. "Mama Alima yuko?"

"Yuko. Nimemwambia kwamba ninakuja kukuchukua. Hakusema kitu."

Walikwenda watatu, Asma nyuma yao. Njiani Faida alikunja mikono ya gauni. Watu walikuwa wamekusanyika, na walipomwona mnong'ono ulipita chini ya turubai kama upepo kwenye mabati, lakini walimpisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje, ukining'inia kama mkono wowote.

Nyuma ya pazia mama Alima alikuwa ameshapanga kila kitu. Juu ya ubao alilala msichana ambaye bado alikuwa na hina ya harusi kwenye kucha. Mama Alima aliinua macho. Alikuwa amekonda tangu Julai.

"Umerudi," alisema.

"Sijarudi," alisema Faida. "Sikuwa nimetoka."

Mama Alima alitia mkono mfukoni, akatoa jozi ya glavu, akamnyooshea. "Uvae hizi."

Faida aliziangalia, kisha akaangalia mikono ya wengine. Ilikuwa mitupu. "Na zenu ziko wapi?"

Mama Alima aliitazama ile jozi moja.

"Musichana huyu amekufa kwa kutokwa na damu," alisema Faida. "Glavu ni jambo zuri, munganga yeyote atakuambia. Tuvae wote. Lakini nikivaa mimi peke yangu, hapo hatuoshi maiti, tunanitukana. Mbele ya huyu musichana, sikubali."

Nje mtu alikuwa akimbembeleza kichanga kilichokuwa kikilia njaa. Mama Alima alisimama na glavu zake, usoni mwake yakipita mambo mengi: kibanda cha shangazi, pengine, na koko Feza, na yale ya lango lililokuwa wazi. Kisha aliinua pembe ya pazia, akaita kwa ile sauti ambayo misiba yote ya Katindo iliijua: "Musichana! Kimbia famasi. Leta boksi zima."

Boksi lilipofika, kila mmoja alivaa. Glavu ya Faida ilikwama kwenye vidole viwili vilivyoinama. Alihangaika nayo. Mama Alima akamshika mkono, akaushika sawasawa, kiganja juu ya kiganja, akaivuta glavu kidogo kidogo, kidole kimoja, kisha kingine, mpaka ikakaa.

"Unasikia ninavyokushika?" aliuliza.

"Kidogo. Huku chini sisikii."

"Mm." Hakuuachia mara moja.

Mahali pa kichwani ni pa mwenye kuongoza kazi. Tangu Faida alipougua, hapo alikuwa akisimama mama Alima, na hapo ndipo aliposimama sasa. Aliuzunguka ubao, akapita nyuma ya Asma, akaenda kusimama miguuni, akaokota kata.

Faida alisogea kichwani. Aliiweka sawa shuka juu ya kifua cha yule msichana, akamfunga nywele zisimwangukie usoni, akanyoosha mgongo.

"Bismillahi," alisema, na mama Alima akaanza kumimina maji.